Chakula Rahisi Kisicho Rahisi

Neno "rahisi" huwasumbua wanaojifunza Kiswahili kuliko walimu wao wanavyodhani. Lilitoka katika Kiarabu, ambako lilimaanisha kitu cha bei ya chini. Lilipoingia katika Kiswahili lilibaki na maana hiyo, kisha likapata ya pili, yaani kisicho kigumu. Kwa hiyo tunasema "mtihani ulikuwa rahisi", na tunasema pia "nimenunua viatu rahisi", na msikilizaji huelewa kwa kutazama muktadha. Linalonivutia mimi ni kwamba wenye lugha hawakuona haja ya kuzitenga maana hizo kwa maneno mawili. Yamkini, kwao, kilichopatikana bila taabu kilikuwa pia kile kisichogharimu sana.

Katika supamaketi za leo maana hizo zimeachana. Rafuni kuna vyakula ambavyo ni rahisi kuviandaa lakini si rahisi kuvinunua: vitunguu saumu vilivyokwisha kumenywa, nanasi lililokatwa vipande, wali uliopikwa na kutiwa katika pakiti, saladi iliyooshwa na kufungwa katika mfuko. Mteja huvitazama, hucheka kidogo, hutikisa kichwa, na siku nyingine akiwa amechoka huvinunua. Vyakula hivi vina historia ndefu kuliko supamaketi zenyewe, na ndani ya historia hiyo kuna swali la kiraia ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulifahamu: nani anauza muda wake, nani anaununua, na bei huandikwa wapi?

Nianze na kisa cha karibu. Mwezi Machi 2016, kampuni ya Whole Foods nchini Marekani iliuza machungwa yaliyokwisha kumenywa, kila moja likiwa ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Bei ilikuwa dola 5.99 kwa ratili, yaani kwa uzito usiofika hata nusu kilo. Picha ya machungwa hayo ilisambaa katika mtandao wa Twitter pamoja na kejeli: laiti maumbile yangebuni namna ya kuyafunika machungwa, tusingelazimika kuyavisha plastiki! Watu wengi walicheka na wengine wakakasirika. Kampuni ilikiri kosa, ikayaondoa, na kuahidi kuyaacha machungwa katika maganda yake. Mwaka uliotangulia kampuni hiyohiyo ilikuwa imechekwa kwa jambo kama hilo: duka lake moja katika jimbo la California liliuza chupa za maji zenye mashina matatu ya mboga iitwayo asparagasi, na bei yake ilikuwa vilevile dola 5.99. Hayo nayo yaliondolewa kwa maelezo kwamba yalitengenezwa kimakosa.

Kuhusu maji ya asparagasi sina la kuyatetea. Kuhusu machungwa, mjadala haukuishia pale kampuni ilipoomba radhi. Watu wenye ulemavu walianza kuandika. Mwenye ugonjwa wa baridi yabisi, ambaye vidole vyake havikunjuki bila maumivu, hawezi kulimenya chungwa. Mwenye mkono mmoja hulimenya kwa shida. Kwao kile kikopo kilikuwa ndiyo njia ya kula chungwa bila kumwomba mtu. Waliyaona machungwa hayo yakiondolewa kwa shangwe za watu wenye mikono miwili yenye afya, wala hakuna aliyewauliza neno. Nionavyo mimi, waliolalamikia plastiki walikuwa na haki, lakini waliozungumza mwisho walikuwa na hoja nzito zaidi. Hata hivyo hoja yao ina uchungu wake: mtu ambaye mwili wake umemnyima urahisi ndiye anayetakiwa kuununua, na kwa bei ile ile ya mtu mvivu.

Tatizo hili la bei ni la zamani. Mwishoni mwa karne ya 18, serikali ya Ufaransa, iliyokuwa na majeshi mengi vitani, ilitangaza zawadi ya faranga 12,000 kwa atakayebuni njia bora ya kuhifadhi chakula. Mtengenezaji peremende mmoja, Nicolas Appert, alifanya majaribio kwa miaka mingi. Alitia chakula katika chupa za kioo, akaziziba kwa nguvu, kisha akazichemsha. Mwaka 1810 alipewa zawadi yake na akachapisha kitabu kueleza ufundi huo. Mwaka huohuo, huko Uingereza, Peter Durand alipata hataza ya kutumia vyombo vya bati badala ya kioo. (Hataza ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, lishike neno hili, litarudi.) Mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin jijini London kilikuwa tayari kinauza nyama ya kopo kwa jeshi la wanamaji.

Neno "kopo" tulilipata kutoka kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa na maana ya chombo cha kunywea tu. Makopo yale ya kwanza hayakuwa ya kunywea, na kwa hakika hayakuwa ya maskini. Fundi aliyaunganisha moja moja kwa mkono, akiyayeyushia risasi kwenye viungo vyake, na bei yake ilimweka mbali mfanyakazi wa kawaida. Walioyatumia walikuwa mabaharia, wanajeshi, wapelelezi wa nchi za barafu na matajiri wachache waliopenda kuonyesha kitu kipya mezani. La kuchekesha zaidi, chombo maalumu cha kufungulia makopo hakikuwako. Maelekezo yalimtaka mtumiaji akate kopo kwa patasi na nyundo. Vifaa vya kufungulia vilikuja kupata hataza katika miaka ya 1850: Robert Yates huko Uingereza mwaka 1855, na Ezra Warner huko Marekani mwaka 1858. Kwa zaidi ya miaka 40, basi, chakula kilichouzwa kwa sifa ya urahisi kilihitaji vifaa vya seremala.

Katika karne iliyofuata lilibadilika jambo jingine, nalo ni duka lenyewe. Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na mwuzaji akakipima mbele ya macho yake. Maduka yetu mengi ya mitaani yangali hivyo hadi leo. Mwezi Septemba 1916, katika mji wa Memphis, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly ambamo mteja alichukua kikapu, akapita kati ya rafu na kujichagulia mwenyewe. Gharama ya wauzaji ilipungua na bei zikapungua nazo, jambo jema. Lakini mwuzaji alipoondoka, mizani iliondoka pamoja naye. Pakiti ndiyo iliyobaki kuzungumza na mteja, na pakiti husema tu yale ambayo mwenye kiwanda amependa iseme, isipokuwa pale sheria inapoilazimisha kusema zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mkate. Otto Rohwedder, fundi wa jimbo la Iowa, alitumia miaka mingi kuunda mashine ya kukata mkate vipande. Mwaka 1912 moto uliteketeza mfano wake wa kwanza pamoja na michoro, akaanza upya. Tarehe 7 Julai 1928, kiwanda kimoja cha mikate katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, kiliuza kwa mara ya kwanza mkate uliokatwa kwa mashine yake. Bila shaka wako waliouliza swali lilelile la machungwa: je, mtu mzima hana kisu nyumbani? Mikate ya namna hiyo ilienea haraka mno, na kampuni ya Wonder Bread ilipoanza kuiuza nchi nzima mwaka 1930, swali lilikuwa limekwisha kusahaulika.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Tarehe 18 Januari 1943 serikali ya Marekani ilipiga marufuku mkate uliokatwa. Sababu moja ilikuwa kwamba mkate wa vipande hukauka upesi na kwa hiyo huhitaji karatasi nzito zaidi yenye nta, na serikali ilitaka kubana matumizi. Nyingine ilikuwa hamu ya kuzuia bei ya mkate isipande. Kwa maofisa, huo ulikuwa uamuzi mdogo kuliko maamuzi yote ya wakati wa vita. Wake wa nyumbani waliuona vingine. Mmoja aliliandikia gazeti la New York Times barua ambayo ingali inasomwa na wanahistoria. Hakuandika habari za utamu wala starehe, alipiga hesabu. Alihesabu vipande kumi vya kuchoma kwa kifungua kinywa cha mumewe na watoto wanne, vipande ishirini vya chakula chao cha mchana, kisha viwili vyake mwenyewe. Vipande 32, vyote vya kukatwa kwa haraka asubuhi moja kabla watu hawajatoka nyumbani. Tarehe 8 Machi mwaka huohuo amri ilifutwa.

Naomba msomaji asiipite barua hiyo upesi. Kazi ya kukata mkate ilikuwako kabla ya mashine, lakini haikuwa na bei kwa sababu aliyeifanya hakulipwa. Mashine ilipoichukua kazi hiyo, ndipo ilipopata bei kwa mara ya kwanza, na watu wakaanza kusema kwamba bei ni kubwa. Ni kubwa ikilinganishwa na nini? Na mkono wa mwanamke uliohesabiwa kuwa ni bure. Ndiyo maana huwa sipendi tunapowakejeli wanunuzi wa vyakula hivi bila kuuliza kwanza nani angekuwa jikoni kama visingenunuliwa.

Mwaka 1953 kampuni ya Swanson ya mji wa Omaha ilitoa sinia la alumini lenye vyumba vitatu: nyama ya bata mzinga, njegere na viazi vitamu, vyote vimegandishwa kwa barafu na kusubiri dakika 25 ndani ya jiko la kuoka. Bei ilikuwa senti 98. Kuna masimulizi mashuhuri kwamba kampuni ilibakiwa na mamia ya tani za bata mzinga baada ya sikukuu, na mchuuzi wake mmoja akabuni sinia hilo ili kuwaondoa ndege hao ghalani. Masimulizi hayo yamepingwa na wengine waliokuwako. Mwanafunzi wa historia na ajihadhari: viwanda vya chakula hupika hadithi pia. Nyingine ni ile ya unga wa keki. Inasemwa kwamba katika miaka ya 1950 mtaalamu wa saikolojia alishauri mayai ya unga yaondolewe katika pakiti, ili mama atie yai bichi mwenyewe na asijione mvivu. Ni hadithi tamu, ila kampuni ya Duff ya mji wa Pittsburgh ilikuwa imekwisha kuandika katika hataza yake ya miaka ya 1930 kwamba wanawake hupendelea kutia mayai yao wenyewe.

Na kwa kuwa nimetaja hataza, kipo kituko kimoja ambacho siwezi kukiacha. Mwezi Desemba 1999 serikali ya Marekani ilitoa hataza kwa mkate wa duara wenye siagi ya karanga na jamu ndani, uliobanwa kingo zake na kuondolewa ganda. Uvumbuzi wenyewe ni huo tu. Kampuni ya Smucker, iliyoinunua biashara hiyo, ilijaribu kuitumia hataza dhidi ya mfanyabiashara mwingine wa jimbo la Michigan aliyekuwa akiuza mikate ya namna hiyo. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ilikataa kuipanua haki hiyo, kwani kubana kingo za unga uliojazwa kitu ndani ni ufundi wa wapishi wa tangu zamani. Mpishi yeyote wa sambusa angeweza kuwaambia hayo bila ada ya wakili.

Kutoka Marekani twende Japani, maana huko ndiko bei ilikosafiri safari ndefu kuliko zote. Ando Momofuku alizaliwa Taiwan mwaka 1910, wakati kisiwa hicho kilipokuwa chini ya utawala wa Japani. Baada ya vita aliishi karibu na Osaka, katika nchi yenye njaa, na aliona watu wakipanga foleni ndefu katika baridi kusubiri bakuli moja la tambi. Unga wa ngano kutoka Marekani ulikuwa mwingi, na serikali iliwahimiza watu wale mkate. Ando aliona ajabu: kwa nini wale mkate, na hali mababu zao walikula tambi? Baada ya kufilisika katika shughuli nyingine, alijifungia katika kibanda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda na kutafuta tambi zinazoweza kukaa miezi kadhaa na kuiva kwa maji ya moto pekee.

Siri aliyoipata ni mafuta. Tambi zilizopikwa zikitumbukizwa katika mafuta ya moto, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka kwa kasi, yakiacha vitundu vidogo sana. Zikikauka huwa ngumu na haziozi. Zikimwagiwa maji ya moto, maji huingia kupitia vitundu vilevile na kuzilainisha kwa dakika chache. Tarehe 25 Agosti 1958 pakiti ya kwanza iliingia sokoni kwa yeni 35. Wakati huo fungu moja la tambi mbichi aina ya udon liliuzwa kwa takribani yeni 6. Wafanyabiashara wa jumla walisita. Nani angenunua tambi kavu kwa bei karibu mara sita ya tambi mbichi? Chakula tunachokijua leo kama mkombozi wa mwanafunzi asiye na fedha kilianza maisha yake kama anasa ya kuchekwa.

Watu walikinunua, kwani Japani ya miaka hiyo ilikuwa inajenga viwanda na muda wa wafanyakazi ulikuwa umeanza kuwa na thamani. Kampuni nyingine ziliingia, zikashindana, na bei ikashuka. Mwaka 1971 Ando alirudi na kikombe chenye tambi ndani yake, kwa yeni 100, na kwa mara nyingine wengi waliona ni ghali mno. Mwezi Februari 1972 polisi waliizingira nyumba moja milimani ambamo wanamgambo walikuwa wamemshika mateka mwanamke mmoja. Kulikuwa na baridi kali, na chakula cha kawaida kiliganda. Mamilioni ya watazamaji wa televisheni waliwaona polisi wakila tambi za kikombe zinazofuka mvuke. Hakuna tangazo la biashara lililoweza kufanya kazi kama hiyo. Leo ukiingia katika maduka mengi ya Nairobi au Kampala, tambi hizi ziko karibu na kaunta, na bei yake haimtishi mtu. Mambo yamepinduka kiasi kwamba katika nchi tajiri tambi mbichi, zilizosukwa kwa mkono, ndizo zinazouzwa kwa bei ya kujivunia.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba soko hurekebisha mambo lenyewe: kitu huanza ghali, huchekwa, kisha hushuka bei na kuwafikia wote. Mara nyingi ndivyo. Lakini barani Afrika tunakumbuka chakula kimoja cha urahisi ambacho hakikusubiri kushuka bei ndipo kiwafikie maskini, nacho ni maziwa ya unga ya watoto wachanga. Mwaka 1867, nchini Uswisi, Henri Nestlé alianza kuuza unga wa maziwa na ngano kwa ajili ya watoto wasioweza kunyonya. Yalikuwa msaada wa kweli kwa mtoto aliyefiwa na mama. Karne moja baadaye, kampuni za nchi tajiri zilikuwa zinayatangaza maziwa ya kopo katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kama alama ya maendeleo. Baadhi ya wauzaji waliingia katika hospitali za uzazi wakiwa wamevaa sare zinazofanana na za wauguzi, wakatoa makopo ya bure. Kopo la kwanza lilipokwisha, mara nyingi maziwa ya mama nayo yalikuwa yamekauka. Kopo la pili lilikuwa la kununua.

Hapo bei iliingia moja kwa moja katika mwili wa mtoto. Familia isiyoweza kununua makopo ya kutosha ilipunguza unga na kuzidisha maji, ili kopo la siku chache lidumu wiki kadhaa. Maji yenyewe mara nyingi hayakuwa safi, na kuni za kuchemshia chupa kila mara zilikosekana. Watoto waliharisha na kudhoofu, na wengi walikufa. Mwaka 1974 shirika la Uingereza liitwalo War on Want lilichapisha taarifa juu ya biashara hiyo. Wanaharakati wa Uswisi walipoitafsiri kwa jina lililoishutumu Nestlé kwa mauaji, kampuni iliwashtaki. Ilishinda mwaka 1976, lakini faini waliyotozwa ilikuwa ndogo sana, na jaji aliitaka kampuni ifikirie upya namna yake ya kutangaza. Mwaka 1977 Wamarekani walianza kuisusia bidhaa za kampuni hiyo. Hatimaye, mwezi Mei 1981, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa kuhusu uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118 dhidi ya moja, na kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Kanuni hizo hazikuyapiga marufuku maziwa ya kopo, kwa kuwa wapo watoto wanaoyahitaji. Zilikataza kuyatangaza kwa umma na kugawa sampuli za bure kwa akina mama.

Sheria, basi, ndiyo iliyofanya kazi ambayo ushindani haukuifanya. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa jambo dogo linaloonekana halina uhai: uzito. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy aliliambia bunge la Marekani kwamba mnunuzi ana haki nne, nazo ni usalama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha leo kama Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Katika Jumuiya ya Ulaya, agizo la mwaka 1998 liliwataka wenye maduka waonyeshe bei ya kila kilo au lita pamoja na bei ya pakiti. Kenya iliziweka haki za mlaji ndani ya Katiba yake ya 2010, katika Kifungu cha 46, ikiwemo haki ya kupata taarifa za kumwezesha mtu kufaidi kikamilifu alichokinunua.

Taarifa hizo zina uzito gani? Mwaka 2015 idara ya jiji la New York inayolinda walaji ilipima aina 80 za vyakula vilivyofungwa tayari katika maduka ya Whole Foods, kama vile mboga zilizokatwa, kuku na matunda. Kila aina ilikuwa na pakiti zilizoandikwa uzito usio wa kweli. Viongozi wa kampuni waliomba radhi hadharani, na mwezi Desemba kampuni ikakubali kulipa dola 500,000 kumaliza shauri hilo. Tazama ni vyakula gani: ni vile ambavyo mtu amevikata, amevifunga na kuvibandika karatasi mteja asipokuwapo. Nanasi zima haliwezi kumdanganya mtu uzito wake kwa urahisi namna hiyo.

Hesabu ya bei kwa kila gramu si ngumu, na ningependa kila mwanafunzi wangu aifanye kwa Kiswahili. Tuseme pakiti ya gramu 50 inauzwa kwa shilingi 500, na ya gramu 500 kwa shilingi 3,500. Ya kwanza ni shilingi 10 kwa gramu, ya pili ni shilingi 7. Mwenye shilingi 500 tu mfukoni hana uchaguzi: atanunua ile ya shilingi 10 kwa gramu, leo, kesho na kesho kutwa. Vipakiti vidogo vya sukari, majani ya chai na maziwa ya unga ndivyo vyakula vya urahisi vilivyo ghali kuliko vyote katika mitaa yetu, na havichekwi na mtu mtandaoni. Mlalahoi hununua kidogo kidogo, na kwa kununua hivyo hulipa zaidi ya jirani yake mwenye gunia.

Upande wa pili wa barabara, hata hivyo, kuna urahisi wa namna nyingine. Huko Nairobi mama mboga humkatia mteja sukuma wiki nyembamba huku wakizungumza habari za watoto, na wengi wao hawaongezi chochote juu ya bei ya mboga, ama huongeza shilingi chache. Hapa Kampala kuna wanawake sokoni wanaouza matooke yaliyokwisha kumenywa, tayari kufungwa katika majani na kupikwa. Mfanyakazi anayetoka ofisini saa kumi na mbili jioni huyanunua bila kuona haya, wala hakuna anayempiga picha. Uzito huonekana kwa macho, na bei hujadiliwa ana kwa ana. Malipo ya mmenyaji ndiyo yasiyojadiliwa sana. Utomvu wa ndizi mbichi huacha weusi mikononi ambao sabuni peke yake haiutoi, ndiyo maana wengi wao hujipaka mafuta viganjani kabla ya kushika kisu. Mafuta hayo nayo hununuliwa, katika vichupa vidogo, kwa bei ya rejareja.